Shajara ya mradi wa kanula: wiki tano na PubMed kwa bando la usiku

3 Machi

Naanza kuandika kwa sababu Matroni kasema kila mradi wa timu ya Kaizen, ile ya kuboresha huduma, uwe na kumbukumbu, na mi najijua, nisipoandika leo keshokutwa nishasahau nilifanya nini na kwa nini.

Swali lenyewe lilianzia kitanda namba 9. Mzee mmoja, siku yake ya nne wodini, dripu inaingia vizuri tu, mkono haujavimba, hauumi, halafu nafika mimi na trei yangu namwambia mzee wangu leo tunaibadilisha hii kanula, yaani kimrija cha plastiki cha dripu kilichoingia mshipani, maana imepita masaa 72. Akaniangalia weee, akauliza, "Mwanangu, hii si inafanya kazi? Kosa lake nini?" Nikamwambia ndo utaratibu, mzee. Nikatoa iliyokuwa nzima, nikatafuta mshipa mwingine, nikaupata mara ya tatu, na muda wote huo mzee kimya, ananiangalia tu. Bora angenigombeza.

Kwenye hendova, yaani makabidhiano ya zamu, nikalitoa. Incharji, nesi msimamizi wa wodi, akasema tumefundishwa hivyo chuoni na ndivyo itakavyokuwa. Mwenzangu mmoja akasema alikokuwa mwanzo hawagusi kanula mpaka iharibike yenyewe. Kila mtu akawa na lake, kelele, Matroni akapita akasikia. "Sitaki mi-nilisikia. Leteni ushahidi, nawapa wiki tano." Kaangalia upande wangu, basi nikajua ni mimi. Nimepewa mwenzangu wa naiti tusaidiane, humu nitamwita Pacha maana zamu zetu zinafuatana kila mwezi.

5 Machi

Naiti. Wodi imetulia kuanzia saa nane, bando la usiku limeanza kufanya kazi, nikafungua PubMed kwenye simu. Kwa ambaye hajawahi kuigusa, ile ni kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35, haikudai akaunti wala senti. Ila ni kumbukumbu za makala, yaani jina, waandishi na muhtasari, makala nzima unaifuata kwingine kwa linki. Hilo nilikuwa sijui, nimebofya robo saa nzima natafuta pa kudaunlodi.

Nikaandika swali kama ninavyomuuliza mtu, "when should a nurse change a patient's cannula". Duh. Zikaja za mirija ya oksijeni ya puani, maana na yenyewe inaitwa "nasal cannula", zikaja za mirija mikubwa wanayofunga kwenye mashine ya moyo wakati wa upasuaji, za kwangu mbili tatu zimejificha katikati. Nikasema basi nitumie "catheter change". Zikaja za mipira ya mkojo. Ukurasa wa kwanza mikojo, wa pili mikojo. Saa kumi na moja nikafunga simu nikaenda kupima presha.

8 Machi

Tumeenda maktaba ya chuo cha uuguzi kilichopo jirani, kuna kaka pale anajua hizi kazi. Tukampa simu atuoneshe, akairudisha. Akatoa karatasi nyeupe, akachora nguzo nne, akasema mpaka hizi zijae hakuna kugusa kompyuta. Nguzo ya kwanza mgonjwa, ya pili kitu unachotaka kufanya, ya tatu unakilinganisha na nini, ya nne matokeo unayoyajali. Wenyewe wanaita PICO, mpango huo uliandikwa 1995 na madaktari waliotaka wenzao waulize swali linalotafutika. Chuoni tulikariri kwa ajili ya mtihani, mimi niliandika hata mfano wake na nikapata maksi, lakini ukiniuliza ilikuwa ya kazi gani ningekudanganya.

Ya kwetu ikawa hivi. Mgonjwa: mtu mzima aliyelazwa ana kanula ya mkononi. Tunachotaka: kuibadilisha pale tu inapoonesha dalili. Tunalinganisha na: kubadilisha kila masaa 72 mpaka 96. Matokeo: flebaitisi, yaani ule mshipa kuwa mwekundu, kuuma na kuwa mgumu kama kamba, pamoja na maambukizi kuingia kwenye damu.

Halafu ndo ikaja kazi yenyewe, chini ya kila nguzo uandike majina yote ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuwa ameyatumia kwa kitu hichohicho. Hapa ndo tuligundua kilichotuua ile naiti. Waingereza na wenye Kiingereza chao wengi wanasema "cannula", Wamarekani wanasema "catheter", wengine wanaandika kwa kifupi PIVC, na mikoani kuna wanaoita kwa jina la kampuni tu. Kompyuta haina unesi, haijui kwamba hivyo vyote ni kile kidude kimoja cha plastiki kwenye trei yangu. Ukiandika jina moja inakupa waliotumia jina hilo, waliobaki hawapo. Na haikuambii kwamba kuna waliobaki! Hilo ndo limenikaa kichwani njia nzima kurudi.

Kitu kingine alichotuambia ambacho sikukitegemea: usitafute kwa nguzo zote nne kwa pamoja. Anza na mbili zenye nguvu. Matokeo mara nyingi hayatajwi kwenye muhtasari, sasa ukiyalazimisha yawepo unaifukuza makala nzuri mlangoni.

11 Machi

Leo tumekaa na laptopu ya Pacha. Kuna maneno matatu yanayobeba kila kitu, AND, OR na NOT, yanaandikwa kwa herufi kubwa. OR inaunganisha majina ya kitu kimoja, kwa hiyo matokeo yanaongezeka. AND inaunganisha nguzo mbili tofauti, matokeo yanapungua. NOT inafukuza.

Nikaandika kwa haraka cannula AND phlebitis OR infection. Nikabonyeza. Mamilioni. Sitanii, mamilioni! Pacha akacheka mpaka mama wa kitanda cha pembeni akaamka akauliza kuna nini. Kumbe PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama msomaji wa gazeti, ikachukua kanula na flebaitisi ikaziweka pamoja, halafu ikaongeza kila makala yenye neno infection tangu dunia ianze kuandika mambo ya tiba. Dawa yake ni mabano, visawe vyote vifungwe ndani ya mabano yao kwanza ndo viunganishwe na vingine. Au ufanye kama tulivyofanya baadaye, uandike kila nguzo kwenye mstari wake, alafu ukaiunganishe mistari kwenye ukurasa wa Advanced ambako kila utafutaji wako unapewa namba.

Mistari yetu kwa leo:

1: cannul* OR catheter* OR PIVC
2: peripheral OR intravenous
3: "clinically indicated" OR routine* OR replac* OR resit*
4: mstari wa 1 AND 2 AND 3

Hiyo nyota ni kufupisha. Cannul* inaleta cannula, cannulas, cannulae na cannulation kwa mpigo. Ina bei yake lakini. Kwa kawaida PubMed ukiiandikia neno la kawaida inajiongeza yenyewe, inaenda kutafuta na istilahi rasmi inayofanana nalo, ila ukiweka nyota au alama za kunukuu inaacha kujiongeza, inakutafutia herufi zako tu. Ukitaka kujua imefanya nini kwa siri, kwenye ukurasa huohuo wa Advanced kuna sehemu ya Details, ifungue usome. Mimi niliona aibu nilipoona ilichokuwa inakielewa kutoka kwenye lile swali langu la naiti.

Istilahi rasmi zenyewe zinaitwa MeSH, ziko kama 30,000. Nilivyozielewa mimi ni kama leja ya stoo. Wodini mmoja anaita gozi, mwingine bendeji, mwingine kitambaa, lakini kwenye leja kuna jina moja na ukiagiza kwa jina hilo unaletewa hichohicho. Huko Marekani kila makala ya majarida wanayoyakubali inapewa majina ya leja. Kanula yetu imeandikwa "Catheterization, Peripheral". Nani angewaza? Koma katikati kama jina la mtu kwenye rejesta ya shule. Tukaiongeza mstari wa 1 kwa OR. Usiache maneno ya kawaida ukategemea leja peke yake, maana kuna makala kibao ndani ya PubMed ambazo hazijapewa majina hayo na nyingine hazitapewa kabisa.

Tulijaribu na NOT tufukuze mikojo. Tukaifuta. Ukisema NOT urinary unamfukuza hata mtafiti aliyehesabu kanula na mipira ya mkojo kwenye wodi moja, ambaye pengine ndo unamhitaji. Bora neno peripheral, yaani ya pembeni mwilini, lifanye kazi hiyo kwa upole.

12 Machi

Hasira. Mistari yote imepotea. Jana nilifunga laptopu nikaenda nyumbani kulala, leo nafungua PubMed, historia tupu. Nimesoma maelezo yao, ukikaa masaa 8 bila kugusa inafuta, na wameandika wazi kabisa, kosa ni langu. Nimefungua akaunti ya bure ili utafutaji uhifadhiwe, na nimenunua daftari la kurasa 96 kwa sababu akaunti nayo ina pasiwedi na pasiwedi mimi nazijua tabia zake.

Kwenye daftari kila utafutaji una tarehe, kanzidata, mstari kama ulivyoandikwa hadi nukta, na idadi iliyotoka. Pacha anasema ni kama chati ya dripu. Ni kweli, na kama ile chati usipojaza hapohapo huwezi kujaza kesho bila kudanganya.

16 Machi

Tumepata! Nimeanza na Cochrane Library badala ya PubMed, kaka wa maktaba alisema ukiwa na swali la "kipi bora" anzia juu, kwa watu ambao wameshakusanya majaribio yote wakayapima, usianze kuokota jaribio mojamoja. Kuna mchoro wa ngazi wa kuelezea hilo, ulitoka 2006 ukiitwa 5S halafu 2009 ukawa 6S. Pacha aliposikia 5S akasema aah hiyo naijua, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tulicheka. Siyo hiyo ya Kaizen, lakini ukifikiria "sasambua" ndo hasa tunachokifanya hapa.

Haya mapitio ya Cochrane ni ya swali letu kabisa, neno kwa neno. Toleo la 2019 lina majaribio 9, washiriki 7,412. Hawakuona tofauti ya wazi ya flebaitisi wala ya maambukizi ya damu kati ya wanaobadilisha kwa ratiba na wanaosubiri dalili. Gharama ikawa ndogo kwa wanaosubiri. Ila, na hii nimeipigia mstari, kanula kuziba na dawa kuvuja nje ya mshipa pengine vinapungua ukibadilisha kwa ratiba. Kwa hiyo siyo kwamba upande mmoja hauna kitu.

Makala nzima ilifunguka bila shida. Mapitio yao huwa huria miezi 12 baada ya kuchapishwa, na hii ya 2019 imeshapita huko zamani.

17 Machi

Pacha alikuwa anatafuta kivyake nyumbani kwake, nilimwomba hivyo makusudi, mistari ileile, tuone kama tutapata vilevile. Hatukupata. Mimi ninalo jaribio kubwa la Australia la kwenye jarida la Lancet, 2012, wagonjwa 3,283 kwenye hospitali tatu za Queensland, wenye flebaitisi 114 upande huu na 114 upande ule, yaani asilimia 7 kwa 7. Yeye hana. Jaribio kubwa kuliko yote na hana! Tukaweka simu mbili mezani tukalinganisha kimoja kimoja, kumbe kaweka tiki kwenye kichujio cha miaka 5.

Akajitetea, "Si walitufundisha makala iwe ndani ya miaka mitano?" Ni kweli walitufundisha, na mi niliwahi kukatwa maksi kwa hilo. Lakini ile ni sheria ya kuandika insha ya chuo. Mshipa wa mtu haujabadilika tangu 2012. Kama dawa ni mpya au teknolojia imebadilika sawa, punguza miaka, ila uwe na sababu ya kusema, na uandike kwenye daftari. Kichujio cha makala za bure tu nacho nimemkataza, nacho kinafukuza kimyakimya. Tafuta kwanza, hela ya kusomea tutajua baadaye.

21 Machi

Ndo baadaye yenyewe. Makala tano hatuwezi kuzifungua, linki zinadai dola thelathini na kitu kwa kila moja. Kuna mpango wa Hinari, WHO na wachapishaji waliuanzisha 2002, taasisi za nchi kama yetu zinasoma majarida bure, na Tanzania iko kwenye kundi lisilolipa kabisa. Tatizo mtu binafsi hajisajili, inasajiliwa taasisi. Tukaulizia. Sehemu moja tuliyoulizia wakasema ndiyo, tumesajiliwa tangu zamani, pasiwedi alikuwa nayo mtu fulani. Yuko wapi? Alihama. Simu yake? Haipatikani. Basi hiyo pasiwedi ambayo ingefungua maelfu ya majarida iko kwenye daftari la mtu, sijui mkoa gani.

Kaka wa maktaba ndo ametuokoa, chuo chao kinayo na inafanya kazi, tukakaa pale mchana mzima tukazisoma palepale. Nne zilifunguka. Ya tano nilimwandikia mwandishi mwenyewe barua pepe, anwani yake iko kwenye maelezo ya waandishi, sentensi tatu tu za adabu. Alijibu siku ya pili na kaambatanisha PDF. Sikuamini. Jamani waandikieni, wanafurahi kusomwa.

CINAHL sijaigusa na naandika hapa ili ijulikane. Ndo kanzidata ya manesi hasa, ilianza kama faharasa ya kuchapishwa 1961, ina majarida ya uuguzi ambayo PubMed haina, lakini ni ya kulipia na hatuna njia ya kuingia kwa sasa. Kwa hiyo ripoti yetu itasema hatukuitafuta.

22 Machi

Pacha ameshachora bango. "KANULA: BADILISHA UKIONA DALILI TU." Kalamu nyekundu. Nimemwambia tusubiri, kanuna.

26 Machi

Nashukuru tulisubiri.

Naiti ya jana nilikuwa nabofya "Similar articles" chini ya ile ya Australia, bila mpango, nasubiri dripu ya mtu iishe. Ikaja ya Geneva, 2021. Hospitali ya chuo kikuu huko walikuwa wanabadilisha kila masaa 96, wakahamia kwenye kusubiri dalili, halafu wakawa wanahesabu maambukizi ya damu. Kanula zaidi ya 400,000. Yaani laki nne! Na maambukizi yakapanda kama mara 7. Wakaghairi, wakarudi kwenye ratiba yao, yakashuka.

Nilikaa nikasoma mara mbili. Halafu nikajiuliza, hii ilikuwa wapi wiki zote hizi? Nikafungua daftari. 12 Machi, mstari wa 4, pembeni nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, "kichujio: majaribio ya bahati nasibu tu". Niliona ndo usomi, nibaki na ushahidi mzito. Geneva siyo jaribio la bahati nasibu, ambamo wagonjwa wanagawanywa makundi kama kwa kura, ni hospitali imeangalia kilichotokea kabla na baada, basi kichujio kikaitupa. Daftari la kurasa 96 limelipa hela yake, bila lile ningesema PubMed mbovu.

Sasa nani mkweli? Nimemwamsha Pacha kwa meseji saa kumi. Hivi ndivyo tulivyoelewana baada ya kubishana siku nzima. Maambukizi ya damu kutokana na kanula ya mkononi ni kitu adimu sana. Hata Geneva, pamoja na mara 7, idadi yenyewe ilikuwa ndogo ukilinganisha na kanula zote. Ukiwa na wagonjwa 3,000 kitu adimu hivyo hutakiona hata kama kipo, ukiwa na laki nne utakiona. Kwa upande mwingine Geneva haikugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, mambo mengine yanaweza kuwa yalibadilika kipindi hichohicho. Kwa hiyo kila mmoja anaona kitu ambacho mwenzake hawezi kukiona.

Na kwenye Cochrane kuna mstari niliupita haraka kwa sababu nilikuwa na furaha. Wanasema ukisubiri dalili, pale kanula ilipoingilia pakaguliwe kila zamu inapobadilishana. Kila zamu. Kwenye jaribio kuna watu wa utafiti wanaopita kukagua, hiyo ndo kazi iliyowaleta. Kwetu naiti ni manesi wawili.

29 Machi

Tumebadilisha swali. Nilifikiri Matroni atakasirika, akasema endeleeni.

Tuligundua masaa 72 siku zote yalikuwa yanafanya kazi ya macho. Kama huna uhakika kwamba mtu ataangalia, unaweka saa iangalie kwa niaba yake. Ukiondoa saa bila kuweka macho ndo unapata Geneva. Hili ni wazo letu, sijalikuta kwenye makala yoyote kwa maneno hayo, kwenye ripoti tumelitenga na ushahidi ili mtu asije akadhani limepimwa.

Kwa hiyo utafutaji mpya, haraka, siku mbili: njia ya kukagua ambayo nesi mmoja anaweza kumaliza wodi nzima. Mara hii hatukupotea hata kidogo, nguzo kwanza, visawe, daftari. Tukaikuta VIP, kipimo cha flebaitisi cha kuangalia kwa macho, kilichapishwa 1998 na nesi wa Uingereza, kinatoka 0 mpaka 5. Sifuri mahali pale ni salama, mbili toa kanula. Kinaingia kwenye kona ya chati.

Tulipita pia AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika, iko tangu 1998 na mengi humo ni ya bure. Huku mistari mirefu haifai, injini yake ni nyepesi, weka maneno mawili matatu kisha punguza kwa macho. Faida yake unakutana na wodi zinazofanana na yako, vitanda vilivyobanana, kanula zinazowekwa usiku kwa tochi ya simu, na unajua huyu aliyeandika ameshika trei.

Wodi ya watoto wamesikia wanaulizia na wao. Kwao ni rahisi kidogo, muongozo wa 2011 wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ulishasema watoto wabadilishiwe pale tu inapohitajika, na kwa watu wazima wakaliacha wazi swali hilohilo letu. WHO nao wametoa muongozo wao wa kanula za pembeni 2024, nimewapa na huo wausome wenyewe, mi siwasomei.

4 Aprili

Tumewasilisha. Dakika ishirini, Incharji kakaa mbele kabisa kakunja mikono. Shikamoo Matroni, nikaanza. Niliogopa wataona tumeleta jibu la ndiyo-na-hapana, kwa hiyo nikaanza na mistari ya utafutaji, nini tulitafuta, wapi, nini hatukuweza kufungua, kichujio kilichotuficha Geneva. Incharji akakunjua mikono kwenye Geneva. Akasema, "Hilo ndo nilikuwa naliogopa siku zote, sikuwa na pa kulionesha." Kumbe hakuwa mbishi, alikuwa na hofu iliyo sahihi na hana karatasi.

Kilichokubaliwa: masaa 72 yanabaki kwa sasa. Tunaanza kwanza na VIP kila hendova, miezi mitatu, inajazwa kwenye chati, mimi na Pacha tunahesabu ngapi zimejazwa kweli. Zikijazwa vizuri ndo tutajaribu kusubiri dalili kwa vitanda sita tu, siyo wodi nzima, huku tukihesabu mfululizo. Zisipojazwa tumeshajijibu. Bango la Pacha limegeuzwa upande wa nyuma, limeandikwa namba 0 mpaka 5 na mchoro wa mkono, kauchora mwenyewe, vidole vinne kwa bahati mbaya.

Mzee wa kitanda namba 9 alisharuhusiwa zamani. Alikuja kliniki jana nikamwona kwenye benchi, nikamwambia mzee lile swali lako bado tunalifanyia kazi. Akacheka, akakunja mkono wa shati akanionesha, hamna hata alama.

6 Aprili

Nimeihifadhi mistari yetu kwenye akaunti na nimeweka alati, PubMed wenyewe wanituletee kwa barua pepe makala mpya kila wiki ili miezi mitatu ikiisha tusianze upya. Ya kwanza imeingia leo alfajiri wakati napima presha. Makala mbili. Moja ni ya mikojo.